Kutoka Ramani Hadi Leseni: Tathmini ya Huduma za Vibali kwa Kiwanda cha Mafuta ya Alizeti Mkoani Singida

Mkoani Singida viwanda vya kukamua alizeti vimezoeleka, na vingi vilianza na banda la mabati, mashine moja ya kukamua, chujio na umeme wa fezi tatu. Mambo hubadilika pale mwenye kiwanda anapoamua kujenga jengo la kudumu, kufunga boila, kusafisha mafuta na kuyatia katika chupa zenye alama ya ubora, kwa sababu tangu hapo anaingia katika mlolongo wa ofisi nyingi, kila moja ikiwa na sheria yake, fomu yake na mkaguzi wake. Familia yetu ilinikabidhi kazi ya kusimamia mlolongo huo tangu ramani ya kwanza hadi kiwanda kilipoanza kukamua, na tathmini hii inahusu huduma yote hiyo kwa pamoja: inampa nini anayeilipia, inamchosha wapi, na ni sehemu gani inayostahili kusifiwa bila kusita.

Maoni yangu nayatoa mapema. Huduma hii ni nzuri sana pale ofisa anaposoma mchoro kabla msingi haujachimbwa, na ni dhaifu pale anapofika kwa mara ya kwanza ukuta ukiwa umeshasimama, kwa kuwa maelekezo ambayo kwenye karatasi yanamalizwa kwa kazi ya jioni moja ya mbunifu, kwenye zege yanadai nyundo, nondo mpya na mkandarasi mwenye hesabu ya malipo ya ziada. Karibu kila jambo jema na kila jambo baya nitakaloeleza hapa chini linatokana na tofauti hiyo.

Kwanza ieleweke kwamba Tanzania haina karatasi moja ambayo mtu akiipata amemaliza ruhusa zote za kiwanda. Ujenzi huruhusiwa na halmashauri kwa kibali cha ujenzi. Mazingira yako chini ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, kwa Sheria Na. 20 ya 2004. Usalama wa wafanyakazi uko chini ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, kwa Sheria Na. 5 ya 2003, ambayo ilichukua nafasi ya sheria ya viwanda ya mwaka 1950 iliyoachwa na utawala wa kikoloni. Kinga ya moto ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa Sheria Na. 14 ya 2007. Leseni ya kiwanda yenyewe hutolewa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, kwa sheria ya leseni na usajili wa viwanda ya mwaka 1967, na kwa kuwa bidhaa yetu inaliwa, jengo la uzalishaji husajiliwa pia na Shirika la Viwango, TBS. Anayesafisha mafuta kwa magadi makali ya viwandani atahitaji kusajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa Sheria ya Kemikali Na. 3 ya 2003, na anayechimba kisima au kutoa majitaka atakwenda kwa bodi ya maji ya bonde. Orodha hii inatisha ikisomwa mara moja, lakini ikipangwa kwa utaratibu sahihi inabebeka.

Utaratibu huo huanzia kwenye ardhi, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea kimyakimya. Kiwanja kinachouzwa kwa maneno kwamba kiko eneo la viwanda hakina maana yoyote mpaka matumizi yaliyoandikwa kwenye hati na kwenye mchoro wa mipango miji yaseme hivyo, kwa sababu chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 halmashauri haiwezi kupitisha ramani ya kiwanda juu ya kiwanja cha makazi bila kwanza kubadili matumizi. Kubadili matumizi kunawezekana, lakini ni shauri linalopitia vikao vya kamati na linaloweza kupingwa na majirani wenye hoja za haki kabisa kuhusu kelele, vumbi na malori. Afisa mipango miji aliyetuhudumia alitoa mchoro wa eneo, akatuonyesha barabara iliyopangwa kupita nyuma ya kiwanja pamoja na umbali wa kuiacha wazi, na akatueleza kwa nini lango la malori lisikae upande wa shule. Mazungumzo hayo hayakuwa na ada yoyote, nami nayahesabu kuwa miongoni mwa huduma bora tulizopata katika safari nzima.

Kuna jambo la mahali petu ambalo wanunuzi wa viwanja hulisahau. Mji wa Singida umezungukwa na maziwa ya chumvi, Singidani na Kindai, na Sheria ya Mazingira inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bahari. Kiwanja chenye mandhari nzuri ya ziwa kinaweza kuwa na robo yake isiyojengeka, na kwa kiwanda kinachohitaji maegesho ya malori, ghala la mbegu na shimo la majitaka, robo hiyo ndiyo inayoamua kama mradi unakaa au haukai. Anayenunua aende na mpima ardhi na kamba ya kupimia kabla ya kulipa.

Baada ya ardhi huja ramani, na hapa sina budi kuonya kwa uzito. Mitaani wapo wachoraji wanaouza ramani ya ghala lililochorwa kwa ajili ya mtu mwingine, wakibadilisha jina la mmiliki na namba ya kiwanja. Ramani za namna hiyo hukwama, na hustahili kukwama. Michoro ya jengo inapaswa kusainiwa na msanifu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na michoro ya mihimili, nguzo na msingi kusainiwa na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kiwanda kina mizigo ambayo ghala la kawaida halina: mashine ya kukamua inayotetemeka mchana kutwa, tangi la mafuta lililojaa, boila yenye maji na mvuke, na marundo ya magunia ya alizeti yanayoegemea kuta. Mhandisi asiyejua uzito wa mashine zitakazofungwa atachora msingi wa kubahatisha. Kwa hiyo agizeni vipimo na uzito wa mashine kutoka kwa muuzaji kabla mhandisi hajashika kalamu, hata kama mashine zenyewe zitafika miezi mingi baadaye.

Sasa nifike kwenye sehemu iliyonipendeza zaidi. Michoro ya mahali pa kazi hupitiwa na OSHA kwa jicho la usalama, na waombaji wengi huiacha hatua hii hadi jengo liishe, wakidhani kazi ya wakala huo ni kuja kukagua na kutoza. Sisi tuliomba michoro ipitiwe mapema, na maelekezo tuliyopewa yalilibadilisha jengo kwa faida yetu wenyewe. Chumba cha boila, ambacho msanifu alikuwa amekiweka kikigusana na chumba cha kujaza chupa ili kufupisha mabomba ya mvuke, kilihamishiwa kwenye jengo lake upande ambako upepo unakwenda, jambo lenye uzito mkubwa Singida, ambako upepo huvuma kwa nguvu na boila huchomwa kwa maganda ya alizeti yenye cheche na majivu mepesi. Milango ya kutokea iligeuzwa ifunguke kwa nje, kwani watu wanaokimbia moshi husukuma, hawavuti. Nafasi kati ya mashine iliongezwa ili fundi anayefungua kichwa cha mashine ya kukamua asisimame njiani mwa mkanda wa mashine ya jirani. Madirisha ya juu yalipanuliwa kwa ajili ya joto, na vyoo pamoja na vyumba vya kubadilishia nguo vilitenganishwa kwa wanawake na wanaume kwa idadi inayolingana na wafanyakazi wa zamu moja.

Hakuna hata moja kati ya maelekezo hayo lililotugharimu zaidi ya karatasi na muda wa msanifu. Jirani yetu wa kibiashara, ambaye alijenga kwanza na kuomba ukaguzi baadaye, aliambiwa mambo yanayofanana na hayo akalazimika kuvunja ukuta wenye lenta. Wakaguzi hawakumwonea, kwani sheria ni moja. Tofauti ilikuwa ni lini mchoro ulisomwa.

Hapa pana ugumu wa kweli ambao kila anayejenga kiwanda cha chakula atakutana nao, nao ni mgongano wa haja mbili zilizo halali. Zimamoto wanataka milango ya dharura ya kutosha, ya karibu, isiyofungwa kwa kufuli wakati wa kazi. Usafi wa chakula unataka jengo lenye matundu machache, lisiloingiwa na panya, ndege, inzi wala vumbi, na lenye mtiririko wa upande mmoja, mbegu chafu zikiingia mwisho mmoja na chupa safi zikitokea mwisho mwingine, bila njia hizo mbili kukutana. Ukimsikiliza mkaguzi mmoja peke yake utamkosea mwenzake. Suluhisho letu lilipatikana katika kikao kimoja kilichoitishwa na mhandisi wa halmashauri, michoro ikiwa imetandazwa mezani: milango ya dharura ya chumba cha kujaza chupa iwe ya chuma, yenye mpira wa kuziba chini na pembeni, yenye kujifunga yenyewe na kufunguka kwa kusukuma baa kutoka ndani tu, na isitumike kamwe kama njia ya kila siku. Vyoo visifunguke moja kwa moja kwenye chumba cha uzalishaji, bali pawe na ukumbi mdogo wenye sinki la kunawia mikono. Madirisha yawe na nyavu zinazotoka kwa ajili ya kufuliwa. Ngazi ya kwenda kwenye tangi la juu iwekwe nje.

Kikao hicho kilikuwa hisani ya ofisa mwenye kuijua kazi yake, wala sikuona utaratibu wowote unaomhakikishia mwombaji anayefuata kukipata. Ningependa sana kiwe utaratibu. Ofisi zinazohusika na jengo moja la kiwanda zikikutana mara moja juu ya mchoro mmoja, kabla ya kibali cha ujenzi kutolewa, nusu ya malalamiko ninayoyasikia kwa wenye viwanda wadogo yangekwisha, na wakaguzi wenyewe wangepunguziwa safari za kurudia.

Kuhusu mazingira, kanuni zilizorekebishwa mwaka 2018 ziliweka miradi katika makundi. Kundi A ni la miradi ambayo tathmini kamili ya athari ni lazima, B1 ni la miradi ya katikati, ambayo huchunguzwa kwanza ili kuamua kama inahitaji tathmini kamili, B2 ni la miradi isiyolazimika kufanyiwa tathmini kamili, na lipo pia kundi maalumu. Kwa mwenye kiwanda cha wastani mgawanyo huu ni nafuu kubwa kuliko ilivyokuwa zamani, na hatua ya kwanza ya busara ni kuwasilisha maelezo mafupi ya mradi yaliyo ya kweli, ili kundi lijulikane kabla ya kuingia mkataba na mtaalamu yeyote. Ukubwa wa mashine, chanzo cha maji, kiasi cha majitaka, aina ya nishati ya boila na umbali hadi nyumba ya karibu vielezwe vilivyo. Anayepunguza takwimu ili apewe kundi jepesi anajitafutia amri ya kusimamisha kazi siku ya ukaguzi.

Kero kubwa zaidi ya safari yetu ilitoka hapa, na haikutoka serikalini. Kampuni ya washauri tuliyoilipa kuandaa taarifa ya mazingira ilituletea kitabu kinene chenye kurasa zinazozungumzia mto ambao haupo Singida na kijiji cha mkoa mwingine, ishara ya wazi kwamba taarifa ya mradi wa mtu mwingine ilikuwa imenakiliwa na kubadilishwa jina. Mashauriano na wakazi, ambayo sheria inayataka, yalikuwa yameandikwa kana kwamba yamefanyika, ilhali mwenyekiti wa mtaa hakuwa amemwona mtu. Sitaitaja kampuni hiyo kwa jina, ila nawasihi wenye viwanda wasome taarifa yao neno kwa neno kabla haijawasilishwa, wahudhurie kikao cha wakazi wao wenyewe, na wagawe malipo ya mshauri katika mafungu, fungu la mwisho likilipwa baada ya cheti kutoka. Kikao cha wakazi, tulipokifanya kweli, kilitupa habari ambayo mtaalamu yeyote asingeijua: njia ya maji ya mvua za masika hupita pembeni mwa kiwanja, na shimo la majitaka lingejaa kila mwaka kama lingechimbwa mahali lilipochorwa. Likahamishwa.

Majitaka ya kiwanda cha alizeti yanastahili kutajwa peke yake, maana watu huyadharau. Kukamua peke yake hakutoi maji mengi, lakini kusafisha mafuta hutoa maji yenye sabuni na mabaki ya mafuta ambayo yakiachwa yatiririke huziba mitaro, huoza na kunuka. Mtego wa mafuta, yaani vyumba vya zege vinavyoyapunguza maji mwendo ili mafuta yaelee na kukombwa, lazima uwemo kwenye mchoro tangu mwanzo, na kibali cha kutiririsha maji huombwa kwa bodi ya maji ya bonde chini ya Sheria ya Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009, sawa na kibali cha kutumia maji ya kisima. Kwa bahati njema Bodi ya Maji Bonde la Kati ina ofisi zake hapahapa Singida, na hilo linampunguzia mwombaji wa mkoa huu nauli.

Kibali cha ujenzi chenyewe, michoro ikiwa imekamilika, hakikuwa na usumbufu mkubwa. Maombi hupelekwa kwa mfumo wa mtandaoni wa halmashauri uitwao Tausi, viambatisho vikiwa hati ya kiwanja, risiti za kodi ya pango la ardhi na michoro, na malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali kupitia benki au simu. Mfumo huu wa malipo, ambao siku hizi unatumiwa na taasisi zote nilizozitaja, naupongeza kwa dhati: hakuna fedha inayopita mkononi mwa mtu, kila malipo yana risiti yake, na mwombaji anaweza kuonyesha alilipa nini na lini. Wakati wa ujenzi, mkandarasi awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi katika daraja linalolingana na thamani ya kazi, bango la mradi lisimamishwe, na nakala ya michoro yenye mihuri ikae kwenye eneo la ujenzi. Badiliko lolote la mchoro, hata la dirisha, lirudishwe kwa aliyeupitisha. Fundi hujibu kwamba ni jambo dogo, lakini mkaguzi wa mwisho hulinganisha jengo na karatasi.

Leseni ya kiwanda kutoka BRELA ndiyo hatua ambayo watu huiogopa kuliko inavyostahili. Sheria hutofautisha viwanda vikubwa, vinavyopewa leseni, na viwanda vidogo, vinavyopewa cheti cha usajili, na maombi yote hupitia mfumo wa usajili kwa njia ya mtandao ambao BRELA iliuanzisha mwaka 2018. Mwombaji anahitaji namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya mlipakodi, usajili wa kampuni au jina la biashara, na maelezo ya bidhaa, mahali, mtaji na ajira. Maelezo yakiwa kamili, kazi inafanyika bila kwenda Dar es Salaam wala Dodoma, na kwa mtu wa mikoani hilo ni badiliko kubwa, kwani zamani kusafiri na kulala hotelini kulikuwa sehemu ya gharama za leseni. Kasoro ninayoiona ni moja: takwimu za mtaji na wafanyakazi zinazojazwa huku lazima zilingane na zile zilizojazwa kwenye mifumo mingine, lakini mwombaji anaachiwa mwenyewe kuhakikisha hivyo. Andikeni karatasi moja ya takwimu rasmi za mradi, isainiwe na wakurugenzi, na kila anayejaza fomu aitumie hiyo hiyo.

Jengo likiisha, wakaguzi hurudi. OSHA husajili mahali pa kazi kupitia mfumo wake wa WIMS, hukagua umeme, boila na vyombo vingine vya mgandamizo pamoja na vifaa vya kunyanyulia, na hutaka wafanyakazi wapimwe afya. Boila iliyonunuliwa ikiwa imetumika, na ziko nyingi sokoni, ije na nyaraka zake: bamba lenye namba na shinikizo la juu, cheti cha majaribio na historia ya matengenezo. Bila nyaraka hizo bei nafuu ya boila huliwa yote na majaribio, na bado inaweza kukataliwa. Naandika haya kwa msisitizo kwa sababu boila ikipasuka haimuumizi mwenye kiwanda aliye ofisini bali kijana anayeilisha maganda. Zimamoto nao hukagua mitungi, ndoo za mchanga, njia za kutokea na chanzo cha maji, na kwa kiwanda cha alizeti huangalia hasa ghala la mashudu, yaani mabaki ya mbegu zilizokamuliwa. Wana haki ya kufanya hivyo, kwa kuwa mashudu yenye mafuta yakirundikwa yakiwa moto yanaweza kujipandishia joto yenyewe hadi kuwaka. Mashudu yapozwe kwanza, yarundikwe kwa mafungu madogo yenye njia ya hewa kati yake.

TBS iliongezewa jukumu la usalama wa chakula na vipodozi mwaka 2019, lilipotolewa katika mamlaka iliyokuwa ikishughulikia chakula na dawa kwa pamoja. Kabla ya hapo mwenye kiwanda cha chakula alishughulika na taasisi mbili kwa bidhaa moja, na kuunganishwa huko ni matunda ya Mpango wa Kuboresha Mfumo wa Udhibiti wa Biashara, uliopitishwa mwaka 2018, ambao Watanzania wengi wanaufahamu kwa jina la MKUMBI. Katika safari yetu hapa ndipo nilipoona mageuzi kwa macho: usajili wa jengo na ubora wa bidhaa vilizungumzwa na taasisi moja. Mwenye kusafisha mafuta akumbuke pia kwamba tangu kanuni za mwaka 2011 mafuta ya kula yanatakiwa kuongezwa vitamini A, kwa hiyo mtambo wa kuchanganyia uwe na nafasi yake kwenye mchoro.

Nikirudi kwenye tathmini ya jumla, kinachopungua si ukali wa sheria, kwa kuwa sheria zenyewe, zikisomwa moja moja, zina sababu ninazoziheshimu. Kinachopungua ni kuunganishwa. Tausi, WIMS na mfumo wa BRELA ni madirisha matatu yenye akaunti tatu, na mchoro uleule hupakiwa zaidi ya mara moja kwa majina tofauti. Mwekezaji mwenye mtaji mkubwa anaweza kupitia dirisha la pamoja la uwekezaji, na Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 2022 ilishusha kiwango cha chini kwa Mtanzania hadi dola 50,000, hatua njema ambayo imewafungulia mlango wenye viwanda vya kati. Lakini mkamuaji wa alizeti wa kawaida hafiki hata hapo, na yeye ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya mtu wa kumshika mkono, maana hana mwanasheria wala ofisa wa vibali.

Kwa mlolongo mzima natoa nyota tatu kati ya tano. Kwa upitiaji wa michoro kabla ya ujenzi natoa tano, na ningelipia tena bila kulalamika. Kwa malipo ya kielektroniki natoa tano pia. Kwa uratibu kati ya ofisi natoa moja, huku nikitambua kwamba maofisa niliokutana nao walifanya zaidi ya walichotakiwa ili kuziba pengo hilo.

Mwenye mtaji mdogo ambaye hawezi kumudu msanifu, mhandisi na mshauri wa mazingira kwa wakati mmoja ninamshauri asianze na kiwanja chake mwenyewe. Aende kwanza ofisi ya SIDO ya mkoa, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoundwa kwa Sheria Na. 28 ya 1973, akaulize nafasi katika mitaa yake ya viwanda, ambako ardhi tayari imepangwa kwa uzalishaji, na aombe barua ya utambulisho itakayomsaidia TBS. Mwenye uwezo wa kujenga kwake, baada ya kupata michoro ya awali na kabla ya kusaini mkataba na mkandarasi, apeleke nakala halmashauri, OSHA na Zimamoto katika juma moja, aombe maoni kwa maandishi, na ampe msanifu wake maoni hayo yote kwa pamoja.